Mama Mikono wa Kiwanda cha Sosi: Maisha ya Dada Yetu

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi mwashi na mshona nguo. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, kwa hiyo utotoni alinisugua masikio zaidi ya mtu yeyote aliyepo hapa.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akajiunga na chuo cha maofisa afya na kutunukiwa cheti mwaka 1980. Baba alitamani awe mwalimu. Alipoambiwa kwamba binti yake amesomea mambo ya vyoo, aliuliza kama huko chuoni hawakuwa na somo lingine.

Februari 1981 aliajiriwa kuwa msimamizi wa usafi katika kiwanda cha sosi ya nyanya. Alikuta mlango wa choo unafungukia moja kwa moja kwenye chumba cha kufungashia, taulo moja la watu wote limening'inia kwenye msumari, na sabuni imefungiwa stoo isije ikaibiwa. Alipigana na uongozi mpaka kikajengwa chumba kidogo katikati, chenye masinki, mabomba ya kufungua kwa goti na kulabu za kutundikia aproni. Aliyeingia chooni na aproni alirudishwa kubadilisha, hata awe nani. Asubuhi getini hakuuliza mtu habari za nyumbani. Aliuliza tu, "Mikono?" nawe ukainyoosha akaikagua. Ndipo akaitwa Mama Mikono, hata kabla hajapata mtoto.

Fundi wa boila, shemeji yetu, alinaswa chooni na aproni yake, akasemwa mbele za watu. Wiki ile ile akasahau tena. Wiki iliyofuata akasahau tena, hadi wenzake wakajua kwamba huko si kusahau. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1998 bomba la maji machafu lilipasuka chini ya sakafu ya kiwanda. Wakaguzi wa afya walisimamisha kazi, wakasema kwamba siku ya kurudi wakikuta kasoro yoyote, kiwanda kitafungwa moja kwa moja. Familia nyingi zilikula kwa kiwanda kile, yetu ikiwemo. Dada alisimamia ukarabati, akawafundisha upya wafungashaji wote. Asubuhi ya ukaguzi wenyewe, tumbo likamgeuka. Na kanuni aliyoiandika mwenyewe ilisema kwamba mwenye kuharisha haingii ndani mpaka apimwe na daktari.

Shemeji alimsihi anywe dawa aingie, siku hiyo tu. Meneja naye alikuja getini, karibu kulia. Dada akawajibu, "Kanuni ni ya wote. Tumbo langu halina cheo."

Alikaa kwenye benchi la mlinzi, jirani na choo cha nje, kwa sababu zinazoeleweka. Wakaguzi walipofika, aliwasalimia kwa mbali bila kutoa mkono, akawaeleza hali yake waziwazi. Walipotaka kumuuliza maswali ya kazi, aliwaambia wawaulize walioko ndani. Huko ndani wafungashaji walijibu kila kitu, na mama mmoja mtu mzima akamzuia mkaguzi mkuu mlangoni mpaka alipovua pete yake ya ndoa. Kiwanda kilipita.

Jioni shemeji alimkuta analia, akadhani ni tumbo. Dada akamwambia, "Wamemaliza bila mimi. Ndicho nilichokuwa nakitaka miaka yote hii."

Alistaafu mwaka 2017. Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa. Kila alipolazwa, alimtuma binti yake mkubwa akakague choo cha wodi kwanza, na taarifa aliitaka kamili. Wauguzi walimzoea, na wengine walianza kuweka sabuni mapema wakisikia anakuja. Hakulalamika sana, ila chakula kisicho na chumvi kilimuudhi. Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni mwaka huu, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wanne, na wafanyakazi wenzake ambao leo wamejaza viti vya nyuma, wengi kuliko sisi wa ukoo.

Dada, kazini ulijiandaa usihitajike, ukafanikiwa, ukalia kwa furaha. Nyumbani hukutuandaa. Huku bado tulikuhitaji, na ndiyo maana leo tunalia sisi. Lala kwa amani, dada yetu.