Kokwa za Tende

Jumatatu, tarehe 12 Machi 1956. Asubuhi ya mawingu mepesi, maji yametulia. Katika mashua ya kutoka Mokowe, binti aitwaye Hadia, anayesomea ualimu wa watoto wadogo na aliyefungua darasa lao mtaani Wiyoni, Lamu, alikuwa akikariri maneno ya daftari lake kwa sauti: “Kuiga. Kuchunguza. Mchezo wa kufundishia.” Mimi, mwenye mvi ninayesoma darasa la jioni la watu wazima, nikatega sikio.

“Mwana huteza michezo yake kwao,” alimkatiza Bi Alawiya, mwenye chuo cha Kurani huko huko Wiyoni. “Kwa mwalimu husoma. Mjukuu wangu Umi hamtampata.”

“Na wewe, Bi, alifu huwafundishaje?” Hadia akamuuliza.

“Huwapa kokwa za tende, wazipange juu ya herufi niliyoiandika ubaoni.”

“Hucheka?”

“Hucheka, hugombania kokwa.” Akainama kuchungulia. Hadia alikuwa ameshaziandika kokwa daftarini.

“Kumbe mwaniibia kazi yangu, mwaipa jina!” Abiria wakacheka. Nami nikamshukuru Mungu kwa somo la bure.

Mashua ikagusa gati. Bi Alawiya akasimama, akatutazama sote. “Nyote mashahidi. Kesho, inshallah, nitamleta Umi darasani kwa binti huyu, na kokwa zake mkononi. Akimpokonya hata moja, narudi naye.”