Mzee Bisibisi na Tundu la Juu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi hii ya ramani, fundi wetu wa kompyuta anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini. Tumetangaziwa kwamba anastaafu kwa hiari. Haya, na iwe hiari.

Aliajiriwa kutengeneza feni za dari. Kompyuta zilipoingia, alizifungua kabla hajaonyeshwa pa kuziwashia. Tulimwita Mzee Bisibisi kwa sababu bisibisi haikumtoka mfukoni, hata siku ya harusi ya binti yake. Mpole hakuwa. Ukimwambia mashine imekufa, alikuuliza umeizika wapi.

Kazi tutakayomkumbukia ni ile kompyuta kuukuu ya chumba cha wachoraji. Ramani za siku hizi ni nzito, ikawa inazifungua kwa kukwamakwama, na kila tukiomba mashine mpya tunajibiwa subira yavuta heri. Mzee akatafuta kadi ya picha, ile inayoipelekea skrini picha, iliyokwisha tumika kwingine. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyokuwamo, akang'oa fremu ya diski kuipisha. Umeme haukuitosha, akabadilisha pawa saplai. Ramani zikafunguka papo hapo. Wachoraji walipiga makofi, naye akawafokea warudi kazini.

Alitoa sharti moja: waya wa skrini uchomekwe chini, kwenye kadi. Tundu la zamani, la juu, halikuwa na kazi tena, akaliziba kwa plasta nyekundu. Humu ndani kila mtu, hata dada wa usafi, alijua plasta nyekundu ya Mzee haiguswi.

Mwezi uliopita walikuja wakaguzi kuamua kama karakana yake ibaki au ifungwe. Asubuhi hiyo meneja alitaka ofisi ing'ae. Aliibandua plasta kwa mkono wake mwenyewe, akauchomeka waya juu ili upendeze. Mzee alikuwa ameitwa ghorofani kurekebisha maikrofoni ya kikao. Wageni walipoingia, skrini ilikuwa nyeusi tii.

"Mnaona wenyewe," meneja akawaambia. "Mashine imezeeka, na fundi wake vilevile."

Mzee aliposhuka aliuhamisha waya, skrini ikawaka. Wageni walikuwa wameshaondoka. Aliomba waitwe waone, akaambiwa uamuzi umeshapita, karakana inafungwa. Asante ya punda ni mateke, nasi tuliomtazama akikusanya vifaa vyake inatuuma mpaka leo, sherehe au si sherehe.

Mzee wetu, asante kwa kila mashine uliyoifufua na kila karipio tulilostahili. Mashine mpya bado hazijafika. Leo chumba cha wachoraji kimepigwa deki na kupangwa upya kwa heshima yako, na skrini ni nyeusi tena. Meneja ameuliza kama unaweza kupita mara moja kabla ya kukata keki. Sote tunajua waya uko tundu gani, na hakuna aliyemwambia. Tumemjibu kwamba umestaafu, kwa hiari.

Nenda ukapumzike, Mzee. Uishi vizuri, na bisibisi yako usimwachie mtu.