Jumamosi Zangu Nyuma ya Zahanati

Sogeeni, wanangu, mkae mahali ambapo sitalazimika kugeuza shingo. Binti yangu, rudishia dirisha, vumbi la barabarani linanikaba. Na wewe, kitinda mimba wangu, usikae mlangoni kama mgeni anayetafuta nafasi ya kuaga. Nitasema polepole, na nikinyamaza msidhani nimemaliza.

Mali ni kidogo, tuianze tuipite. Cherehani na wateja wa sare za shule ni vya binti yangu, maana ndiye anayejua kukata bila kuharibu kitambaa. Sanduku la spana la marehemu kaka yenu ni la kitinda mimba. Nyumba ni yenu wawili, na asitokee mmoja wa kumuuzia mwenzake paa kichwani.

Sasa sikilizeni lile nililoshindwa kulisema miaka yote hii. Kaka yenu mnamkumbuka, fundi wa malori, na jinsi pombe ilivyomshika hadi gereji ikamfukuza. Miezi yake ya mwisho aliniaga kila Jumamosi mchana, "Mama, naenda kwenye kikundi cha wanaoacha pombe," nami namwitikia kwa mdomo tu, moyoni nasema kikundi gani, kikundi cha chupa. Jumamosi moja nikachukua viatu vyake, nikavifungia kwenye sanduku la nguo, nikapiga magoti kumshukuru Mungu kwamba leo hatoki. Alivitafuta uvunguni, akavitafuta jikoni. Hakugomba. "Mama, nipe viatu, nakuomba." Alisema hivyo mara tatu, kisha akaketi kitandani na miguu yake mitupu. Jumatatu alikunywa. Jumatano akaokotwa mtaroni, hana uhai. Ninyi mkawalaumu rafiki zake, na wewe binti yangu mpaka leo huwapi salamu. Wapeni salamu. Habari ya viatu sikumwambia mtu.

Nilipofua ovaroli yake nikakuta karatasi mfukoni: chumba cha nyuma ya zahanati, Jumamosi, saa tisa alasiri. Nikaenda. Nikakuta viti vya plastiki vimepangwa duara, birika la chai mezani, watu tisa. Nikamuuliza kinyozi aliyekuwa akiwaongoza kama kweli mwanangu alikuwa akifika pale. Akasema, "Mama, hapa hatutoi habari za mtu. Anayekaa ni yule anayetaka kuacha pombe." Miguu ikakataa kurudi nyumbani. Zamu yangu ilipofika nikasimama, mimi ambaye sijawahi hata kuonja, nikasema, "Mimi ni mlevi."

"Karibu, mama," wakaitikia wote. Mwanamke muuza mitumba akauliza, "Ulikuwa unakunywa nini?"

"Bia," nikasema. "Ya moto. Na sukari vijiko viwili."

Hakuna aliyecheka. Mwashi mmoja tu alishikwa na kikohozi, akatoka nje, akarudi macho yamelowa.

Uongo huo niliusema miaka saba, na kila Jumapili nilimwomba Mungu anisamehe nikijua Jumamosi nitarudia. Lakini kanisani, baada ya mazishi, hakuna aliyelitaja jina la kaka yenu mbele yangu, wakidhani wananihurumia, na ninyi mkawa mnageuza mazungumzo. Nilikaa katikati ya watu wanaoimba, niko peke yangu. Kule nyuma ya zahanati angalau nilisubiri mtu ateleze ulimi. Wiki ya tano muuza mitumba akateleza: "Yule kaka mrefu alifikisha siku themanini na tatu bila kugusa. Jumamosi ile tulimwekea kiti mpaka jioni." Siku themanini na tatu, wanangu. Nami kila akirudi nilimnusa, nikisema anaficha harufu kwa peremende.

Mwaka jana nikawaungamia. Kinyozi akasema, "Mama, tulijua tangu ile sukari. Ila ulikuja unaumwa, na hapa hatufukuzi mgonjwa."

Kitinda mimba wangu, niangalie. Najua kilichomo kwenye ile chupa ya maji unayotembea nayo. Miaka yote hii kati ya walevi haiwezi kuniacha mjinga. Usiniapie. Kiapo ulichompa mama anayekufa kitakuvunja mgongo wiki ya kwanza tu. Wewe nenda kule nyuma ya zahanati ukakae. Sijamtajia mtu habari zako kule. Utajisemea mwenyewe, tena wewe utasema kweli.

Na wewe, binti yangu, usimnuse. Usimfuate nyuma. Akikuaga, mwambie nenda salama, na iwe imetoka moyoni.

Nipeni maji... kidogo. Inatosha.

Mnizike bila hotuba ndefu. Na kama ni Jumamosi... ikifika saa nane na nusu, kitinda mimba aondoke, hata kama kaburi halijajaa. Asizuiwe na mchungaji, wala wajomba zake. Wakinung'unika, binti yangu, sema mama ndiye aliyemtuma. Mungu awashike mkono, wewe na wewe... awape kusemeshana mkiwa bado mko hai. Mwanangu, ukifika... ukae. Mazishi yangu usisubiri yaishe.