Fundi wa Pampu Azikwa Kando ya Mkewe

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi mliofanya kazi na Baba chini ya ardhi, mimi ni kitinda mimba wake, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitasoma kwa haraka kuliko adabu inavyotaka, kwa sababu kaburi lililo nyuma yangu linataka kujaa maji, hiyo pampu mnayoisikia ndiyo inayoyazuia, na dizeli yake si ya kutwa nzima.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, katika nyumba ya pili kutoka reli ya makaa, mtoto wa tatu wa mchimba makaa na mshona nguo, mwaka ambao, kwa masimulizi ya Bibi, kijito cha nyuma ya mtaa kilifurika hadi mlangoni, kijito hichohicho ambacho vijana mlioko hapa mnakijua kama shimo la kutupia nepi.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza Novemba 1965, kisha akasomea ufundi wa mitambo kuanzia 1967 hadi 1969, akapata cheti, na miezi mitatu haijaisha akapata kazi, jambo ambalo sisi wenye digrii zetu tunalisikia kama hekaya za sungura.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa mgodini kuwa fundi wa pampu, maana huko chini makaa na maji hulala kitanda kimoja, ukimtaka huyu sharti umfukuze yule, na kazi ya Baba ilikuwa kufukuza, usiku na mchana, maji yakipandishwa juu na kumwagwa ng'ambo ya kilima, naye akiweka ncha moja ya kijiti kwenye pampu na nyingine sikioni, kama wafanyavyo mafundi, asikie kama beringi inalia, hata wenzake wakamwita Daktari, na wengine mpaka leo hawajui jina lake jingine.

Tarehe 13 Desemba 1975 alifunga ndoa na Mama, mpishi wa shule, wakaishi nyumba ileile ya reli, yenye kisima nyuma ya jiko, ambacho mtaa mzima ulichota bila kubisha hodi, Mama akisema kwamba maji ya kufungiwa huoza, wakajaliwa watoto watatu, Dada mwaka 1977, Kaka mwaka 1981, na mimi mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya kisima kukauka, kwa hiyo maji yale nayajua kwa kusimuliwa tu, kama babu aliyekufa kabla sijazaliwa.

Nalo jambo la kisima lilikuwa hivi. Mwaka 1987 kampuni iliamua kuzikata nguzo za makaa zilizoachwa zishikilie dari la mgodi chini ya mtaa wetu, Baba akashuka kufunga pampu, akakuta maji yanadondoka kutoka juu, baridi, meupe, hayana harufu ya makaa, akadhani amepata chemchemi, akamwaga chai yake, akajaza chupa, akampelekea mkewe. Mama alikunywa mbele ya majirani, akamtazama, akasema, "Baba Nanihii, umeniibia maji kisimani kwangu, halafu unaniletea zawadi?" Watu wakacheka, Baba naye akacheka, na alituambia uzeeni kwamba alicheka mpaka alipofika nje, hapo akaenda kuchungulia kisima, kwa kuwa mkewe alisema kwa utani kitu ambacho yeye, aliyetoka huko chini, alikuwa hajakiona. Kufikia Machi mwaka uliofuata ndoo ilirudi na tope, kisha ikarudi tupu, kijito nacho kikazama kwenye nyufa, wakaja wakubwa wa kampuni wakaueleza mtaa kwamba ni ukame, wakaueleza wakiwa wameshika miavuli, mvua ikiwanyeshea.

Mama alifariki tarehe 21 Agosti 2009 kwa presha, akazikwa hapa, na wachimba kaburi walikuwa wakipiga chafya kwa vumbi, maana pampu za mumewe zilikuwa bado zinafanya kazi.

Tarehe 30 Juni 2013 mgodi ulifungwa, Baba akaamriwa azime pampu ya mwisho, akazima, akapewa saa ya ukutani, na maji yaliyofukuzwa miaka yote yakaanza kurudi nyumbani, yakipitia kila shimo tulilowachimbia wenye mgodi, yakatokea sakafuni na vyooni, mekundu kama kutu, kampuni ikabandika tangazo la Kiingereza kwamba maji yamo ndani ya viwango vinavyokubalika, the water is within acceptable limits, mtaa ukaniomba mimi msomi nitafsiri, nikatafsiri: wanasema tuendelee kunywa, wao watakunywa ya chupa.

Mwaka 2019 kifua kilianza kumbana, akawa mtu wa kulazwa na kutoka, na kila akitoka alikuja hapa na kijiti chake, akakisimika kando ya Mama, akatega sikio, nanyi majirani mkatania kwamba mzee anakagua kiwanja, naye hata sisi hakutuambia anasikia nini. Baba Mdogo alipomweleza kwamba amemtafutia nafasi kavu kule kilimani, alivua barakoa ya oksijeni, akasema, "Maji niliyaachia mimi, na yamemfikia. Siwezi kulala pakavu, mwenzangu yuko ndani." Tulidhani ni homa. Alifariki Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, alfajiri.

Jumanne wachimbaji walifika kiunoni, maji mekundu yakaanza kuingia, nayo yalitokea upande wa Mama. Hapo ndipo tulipojua amelala vipi. Baba Mdogo alisema hamziki kaka yake kama mpunga, na mimi nilikuwa upande wake, kwa sababu nilisomea maji na najua yanavyoufanya ubao wa jeneza, lakini Dada alituuliza nani kati yetu atamfukua Mama aangalie, ndipo tukaomba pampu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba mkiwa mmelowa, wenzake wa mgodini mlioleta pampu hii mkakataa hata soda, na kampuni pia, iliyotuma katoni za maji ya chupa, mtayakuta mezani, kunyweni, hatukuyakataa kwa sababu hatuna mengine.

Sasa wabebaji wasogee, wenye makoleo wakae tayari, na pampu ikizimwa tufukie upesi, wa kulia atalia baadaye. Baba, umefika kwake, naye hayuko peke yake tena, pumzikeni kwa amani, wote wawili.