Kadi ya Mama Kesho Kutwa

Wasikilizaji wapendwa, mmenisikia nimeanza bila muziki. Mitambo yetu ni mizima. Dakika tano zilizopita fundi mitambo aliniuliza, "Bosi, niweke wimbo wa sikukuu au wa msiba?" Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikamwambia, acha kwanza, usiweke chochote.

Kwa kweli sijui. Leo ni Alhamisi. Sikukuu ilikuwa juzi, Jumanne. Jana, Jumatano, alifariki mama mmoja mnayemjua sana kwa sauti. Na leo asubuhi tumemzika. Lakini leo, nyumbani kwake, ndiyo sikukuu. Mkiona nawachanganya, nivumilieni. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa tangu jana.

Huyu ni Mama Kesho Kutwa. Ndiyo, yule yule. Yule aliyepiga simu kwenye kipindi hiki kila mwaka, siku mbili baada ya sikukuu, na kusema kwa sauti yake ya mkwaruzo, "Mtangazaji, nawatakia sikukuu njema wanangu wawili." Siku mbili baadaye! Maputo ya watu yameshapasuka, watu wameshaanza kuumwa matumbo, yeye ndiyo kwanza anatoa salamu. Nami nikamcheka. Nikamwambia hewani, "Mama, wewe ni wa kesho kutwa." Jina likamganda. Miaka kumi na tisa nimemcheka, wasikilizaji wapendwa, wala sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Jana alasiri nilikwenda kwake. Ni vyumba viwili vilivyopakana na duka la viatu. Nilipofika mlangoni, mbele yangu alikuwepo jirani mmoja, mshona viatu, amevua kofia. Akamshika mkono binti wa marehemu. "Poleni sana," akasema. Kisha macho yake yakaenda ukutani, kwenye maputo matatu na karatasi za rangi vilivyotundikwa tayari kumngoja mama. "Na sikukuu... Aa. Poleni tena." Akatoka kinyumenyume. Nilimwelewa kabisa.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mama Kesho Kutwa alikuwa dobi wa hospitali. Miaka ishirini na sita alifua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa. Mwezi ujao alikuwa anastaafu. Mume hakuwa naye, aliondoka watoto wakiwa wadogo. Na kila sikukuu, dobi huyu alikuwa kazini, siku yenyewe na kesho yake. Kwa hiyo kwao sikukuu ilihamishwa. Ilikuwa inafika kesho kutwa yake alfajiri, mama akirudi.

Na haikufika mpaka yeye aitangaze. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Anasimama mlangoni, bado ana viatu vya mpira vya kazini, mkononi ameshika maputo ya wodi ya watoto, yale yaliyoanza kulegea. Anasema, "Sikukuu imefika. Fungueni." Hapo ndipo vifurushi vinafunguliwa. Kabla ya hapo, hata kugusa hugusi.

Mwanawe wa pili, ambaye sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikua akiamini hivyo hivyo. Shuleni waliandikishwa insha ya sikukuu, naye akaandika tarehe ya sikukuu ya kwao, ile ya mama yake. Mwalimu akaichora kwa wino mwekundu. Mama akachukua lile daftari, akaandika chini yake: "Mwalimu, kwetu iko sawa. Aliyechelewa ni mimi." Daftari analo mpaka leo. Alinionyesha.

Binti mkubwa, yeye ni msusi, alijua mapema. Vifurushi vyao vilifungwa kwa karatasi nzuri za maua, hata mkunjo huoni. Siku moja, akiwa na miaka tisa, akakuta kwenye ncha ya karatasi maandishi ya kalamu: "Kwa mjukuu wangu, kutoka kwa babu." Wao hawakuwa na babu. Akaelewa palepale. Karatasi zilitoka wodini, zimeachwa na wageni wa wagonjwa, na mama amezipiga pasi kazini zikawa mpya.

Nikamuuliza, "Ukafanyaje?"

"Nilikichana kile kipande nikakitafuna," akasema. "Nikakimeza, kaka. Mdogo wangu asije akakisoma. Mama sikumwambia kitu, na hata sijui kama aliniona."

Jana asubuhi, Jumatano, Mama Kesho Kutwa alianguka mbele ya meza yake ya kupigia pasi. Hakuamka tena. Wanawe walirudi nyumbani wakakuta chini ya kitanda vifurushi viwili, tayari vimefungwa. Na hapo ndipo penye kizungumkuti. Dada mtu anasema vifunguliwe leo, ndiyo siku yake. Mdogo mtu amevikalia, kwa maana halisi, ameviweka kwenye kiti akavikalia. "Nani ametangaza?" ananiuliza mimi. "Wewe umesikia mtu ametangaza?"

Tena kuna lililomkaa rohoni. Jana hiyo hiyo alikuja msimamizi wa chumba cha kufulia kutoa pole. Mtu mwema tu, hana baya. Akasema, "Mama yenu alikuwa mchapakazi. Hakuna aliyewahi kumpangia zamu ya sikukuu. Kila mwaka alikuja kuiomba mwenyewe."

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kijana akasema taratibu, "Kwa hiyo hakulazimishwa? Alikuwa anaomba?" Akamgeukia dada yake. "Sasa alikuwa anatukimbia, au?"

Nilikuja kutafuta habari za kuwasimulia, nikaondoka na maswali ya watu. Na lingine langu mwenyewe nimelificha mfukoni mpaka sasa hivi.

Ni hii bahasha. Labda mnasikia inavyokwaruza. Jumanne, siku yenyewe ya sikukuu, dobi mwenzake aliileta hapa kituoni. Juu imeandikwa: "Mtangazaji, usifungue leo. Fungua kesho kutwa, saa ya kipindi." Nilicheka tena, Mungu anisamehe. Nikamwambia fundi mitambo, "Leo Mama Kesho Kutwa amechelewa mapema." Tukavunjika mbavu. Kesho yake akafa. Tangu hapo bahasha hii naiona nzito. Miaka yote alipiga simu. Kwa nini mwaka huu ameandika? Alikuwa anajua? Sijalala vizuri kwa swali hilo.

Nilitaka kuwapa wanawe waisome faragha. Binti akakataa. "Alikutumia wewe. Ifungue hewani. Kama ni kutugombeza, tugombezwe." Simu yake iko hewani nasi, imewekwa mezani, wamekaa wote wawili na majirani. Dada, mnanisikia?

"Tunakusikia."

Haya. Nafungua. Ni kadi ya maua, ya zamani, imepigwa pasi. Nasoma kama ilivyo.

"Mtangazaji, salamu. Simu yangu imezama kwenye beseni la sabuni, ndiyo maana naandika."

Kumbe! Samahani, wasikilizaji wapendwa. Kumbe ni beseni tu. Naendelea.

"Nisalimie wanangu. Mkubwa, nilikuona ukitafuna ile karatasi. Nikashindwa la kusema. Asante mwanangu, na pole, ilikuwa na wino. Mdogo, sasa nastaafu, naweza kukuambia. Anayefanya kazi sikukuu na kesho yake hupewa siku mbili mfululizo za kupumzika. Mwaka mzima sikuwa napata mbili pamoja. Wenzenu walikaa na mama zao siku moja. Ninyi nilitaka mnipate mbili. Kama niliwakosea, mtaniambia Alhamisi, nitakuwepo hapo nasikiliza nanyi."

Nageuza kadi, inaendelea nyuma.

"Mtangazaji, hili la mwisho lisome kwa nguvu, mdogo hasikii vizuri kwa kelele za vyuma. Wanangu, sikukuu imefika. Fungueni. Karatasi msichane. Ni mimi, Mama Kesho Kutwa."

Ameweka jina nililompa mimi. Na kamchoro ka uso unaocheka pembeni.

Dada? Mko hapo?

"Mdogo wangu amesimama," binti anasema. "Ametoka kwenye kiti."

Wasikilizaji wapendwa, tuwaache. Hamsikii karatasi ikichanika kwa sababu hawaichani. Hiyo ni selotepu inabanduliwa polepole. Wakati wanafanya hivyo, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa msusi na kwa fundi wa kuchomelea, kwa madobi wote wa ile hospitali, na kwa jirani mshona viatu ambaye hakujua aseme nini. Mungu amlaze mama yetu pema. Nanyi mnaonisikiliza, fikirini kidogo. Juzi mlipokuwa mmekaa, nani hakuwepo mezani? Mlimuuliza alikuwa wapi, au mlimcheka alipochelewa? Mimi nilicheka. Nisamehe, mama.

"Soksi," inasema sauti ya mwanamume kwenye simu. "Dada, soksi tena." Anacheka, au analia, siwezi kutofautisha.

Fundi mitambo, weka ule wa sikukuu.