Taa ya Chumba cha Pili

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yangu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Mzee Mizunguko, alizaliwa tarehe 12 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkewe, akasoma hadi kuhitimu shahada ya hisabati mwaka 1976, na mwaka huohuo akaajiriwa katika kituo cha kuchunguza nyota, alikofanya kazi hadi kustaafu.

Alifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1981, wakajaliwa binti mwaka 1983, na wakati wanajiandaa kupata wa pili, chumba kimeshapakwa rangi, Novemba 1989 aliona kwenye picha za darubini asteroidi, jiwe kubwa kama kilima linalolizunguka jua, ambalo njia yake huikata njia ya dunia. Alilifuatilia siku chache tu kabla halijapotelea kwenye mwanga wa jua, akapiga hesabu kwa hicho kidogo alichopata, zikaonyesha kwamba huenda likatugonga tarehe 7 Novemba 2019. Wenzake walimsihi asijitie presha kwa vipimo vichache hivyo, lakini alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba hana moyo wa kuleta mtoto wa kuja kufa angali kijana, naye mkewe, kwa kumwamini, akakubali.

Jiwe likahamia nyumbani, shemeji yetu akaliita mke mwenzake, nasi tukacheka, hadi mwaka 2005 lilipoonekana tena, likapimwa upya, ikajulikana litapita mbali kuliko mwezi. Habari hiyo njema ilimkuta shemeji ana miaka arobaini na saba. Marehemu hakushangilia, na tangu jioni ile, binti akija kuwasalimia, alimwagiza amwambie mdogo wake azime taa, binti akaenda chumba kile kilichopakwa rangi, kisicho na mtu, akaikuta inawaka kweli, akaizima, akarudi bila kuuliza aliyeiwasha.

Aliugua moyo tangu Februari, akafariki hospitalini tarehe 3 Novemba 2019. Siku ya leo ya mazishi, tarehe saba, aliichagua mjane mwenyewe, alitaka aione akiwa amezungukwa na watu, wote wazima.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa kituoni, waliotupigia simu asubuhi kwamba jiwe limeshapita. Binti ameomba niseme kwamba wakati tunatoka nyumbani aliikuta taa ya chumba kile inawaka, na safari hii hakuizima.

Pumzika kwa amani.