Asanasio Tsongo na Kitufe cha Kule

Ijumaa tarehe 30 Novemba 2018, Bwana Asanasio Tsongo atarudisha funguo za karakana ya elektroniki baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi Ketura wa ushonaji, jirani yake ng'ambo ya ua, nimepewa kazi ya kumwandika. Nimeambiwa nichangamke. Nitajaribu.

Alikuja mwaka 1987 kutoka Muhokya, fundi redio kijana. Mkuu wa chuo wa wakati ule alimpa redio yake mbovu kama mtihani. Asanasio aliifungua, akaitengeneza, akaifunga, na skrubu moja ikabaki mezani. Redio ililia vizuri kwa miaka mingi. Skrubu ile bado anatembea nayo kwenye funguo zake, na mpaka leo hajui ilitoka wapi.

Hajawahi kushika bunduki, lakini wanafunzi walimwita Afande kwa sababu ya sauti yake. "Wewe! Zima stima kwanza, kufa baadaye!" Akimkemea mwanafunzi kule kwake, mimi huku naondoa mguu kwenye cherehani. Ndiye aliyetuletea kompyuta, na ndiye aliyefungua darasa letu la Bwera, ambako vijana wa Nyakiyumbu na vijana waliokimbia vita vya Beni, ng'ambo ya mpaka, walikaa benchi moja.

Mei 2013, Mto Nyamwamba ulipofurika, maji yalifika nyumbani kwake. Yeye alikuwa amefika barabarani akiwa amembeba Thembo, kitinda mimba wake, mgongoni. Akawaita waliobaki ndani kama mzazi yeyote wa huku anavyoita wanawe, kuanzia mkubwa: Baluku, Bwambale, Masereka. Hao walitoka. Alipofika kwa wa nne, Kule, ukuta ulikuwa umeshakwenda na maji. Kule alizikwa wiki iliyofuata.

Asanasio alirudi kazini, ila sauti haikurudi naye. Wanafunzi wakawa wanazima stima bila kukemewa, kwa kumhurumia, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi.

Miaka miwili baadaye alianza kutengeneza mchezo wa kompyuta pamoja na Immy, binti aliyehitimu Bwera. Mchezaji ndiye baba. Yuko barabarani na mtoto mgongoni, mto unapanda, na kila mtoto aliye ndani ana kitufe chenye jina lake. Ukikibonyeza, baba anaita na mtoto anatoka. Sauti walirekodi kwangu, kwa sababu marobota ya vitambaa huzuia mwangwi. Asanasio aliita Baluku, akaita Bwambale, akaita Masereka. Kwa wa nne alifungua mdomo, akafunga, akasema tutamalizia kesho. Kesho hiyo haikufika. Kitufe cha Kule kikabaki bubu, na mtoto akabaki ndani.

Hivyo hivyo, mchezo ukiwa haujaisha, tuliupeleka Kampala mwaka 2016 kwenye mkutano wa watengenezaji wa michezo. Mimi nilikwenda kwa kuwa nilishona bango la meza yetu. Wafadhili walikuwepo, na kama tungechaguliwa, mchezo ungemalizika na darasa la Bwera, lililokuwa limeishiwa fedha, lingepona. Bila hivyo lingefungwa. Wote watatu tulilijua hilo.

Siku ya kwanza ilikuwa vichekesho vya kuliza. Wageni wa Nairobi na Dar es Salaam waliona kitufe kimeandikwa KULE, wakakibonyeza wakitaka baba aende upande ule. Baba hakwenda kokote. Wengine walisema spika imekufa, na fundi wa ukumbi akatubadilishia waya mara mbili. Mwamuzi mmoja, mtu mstaarabu, akatushauri: kesho mnapanda jukwaani, basi rekodini sauti leo, la sivyo mfuteni huyo mtoto, wanne wanatosha.

"Ukiondoa Kule," Asanasio akamwuliza, "huyu Thembo iko wa ngapi?"

Mwamuzi alicheka, akidhani ni chemshabongo. Kwetu milimani Thembo ni jina la mwana wa tano. Kufa hakumwondoi mtu kwenye hesabu, na mdogo wake hapandi kuchukua nafasi yake. Immy akamletea Asanasio kipaza sauti. Alikishika, akakitazama, akamrudishia. Nilimkasirikia sana. Nilijisemea, ni herufi nne tu, zitamke tuokoe watoto wa watu.

Kesho yake Immy alicheza jukwaani. Watoto watatu walitoka, watu wakapiga makofi. Akabonyeza cha nne. Kimya, na maji yakapanda. Ndipo akasimama mwanamke katikati ya ukumbi, Aimée, mwalimu wa Butembo, ambako nako wana huitwa kwa majina haya haya, aliyekuja na mchezo wake wa hesabu, akaita kwa mdomo wake: "Kule! We Kule, toka! Baba yako anakuita!"

Asanasio aliketi ukingoni mwa jukwaa akalia mbele ya watu wote. Makaburini hakulia. Baadaye Aimée alikuja kwenye meza yetu, akamshika mkono. "Mutoto iko na jina, papa," alisema. "Kama weye unashindwa, nani atamuita?"

Hatukuchaguliwa. Walisema mchezo haujakamilika, na kweli haukuwa umekamilika. Darasa la Bwera lilifungwa mwaka uliofuata, na Immy sasa anatengeneza simu sokoni Mpondwe. Natamani ningeandika kwamba yote yaliisha kwa heri, lakini wasomaji wa jarida hili wanajua lile jengo lina kufuli.

Wiki iliyopita Asanasio aliingia karakana yangu, akawaomba wasichana wasimamishe cherehani. Alikuwa na kile chombo cha kurekodia. "Mimi naenda," aliniambia. "Nani atamuita?" Kisha akaita, mara moja tu, kwa ile sauti ya zamani. Upande wa pili wa ua, vijana wa uchomeleaji ambao hawajawahi kuisikia walizima stima.

Immy alikuja kutoka Mpondwe kuiweka sauti hiyo kwenye mchezo. Akamwuliza kama sasa mtoto atoke. Asanasio akasema hapana, lakini aitwe.

Siku ya sherehe kompyuta itakuwa mlangoni mwa ukumbi. Tafadhali anzeni na Baluku, mteremke kwa utaratibu, na mkifika kwa wa nne msiruke. Immy alitaka hapa tuandike "pumzika," tukamkatalia, hilo ni neno la makaburini na mzee bado ana mibuni ya kupalilia. Asante, Afande, kwa stima uliyotuzimisha na roho ulizookoa kwa kelele zako. Tunakutakia maisha mema, wewe na mama Baluku, na wanao wote watano.